Marehemu Kumi na Tisa wa Darasa la Mtihani

Jumatatu, 9 Februari

Mkuu wa shule kanidaka mlangoni asubuhi, hata mkoba sijautua. Mwaka huu, anasema, hakuna kuchapa majina ya watahiniwa kwa mkono. Ofisi ya mitihani imefungua API, kwa hiyo mfumo wetu wa usajili utaongea na mfumo wao wenyewe kwa wenyewe, majina yaende bila kuguswa na mtu. Mwisho Ijumaa ya wiki ijayo, saa kumi na moja jioni. Baada ya hapo wanafunga, na ambaye hayumo hafanyi mtihani. "Wewe si ndiye mtu wa kompyuta? Unganisha tu."

Unganisha tu! Kama nafunga kamba za viatu.

Mimi ndiye idara nzima ya kompyuta ya shule hii. Chumba changu kilikuwa stoo ya madawati, na madawati matatu mabovu bado yamo, pamoja na printa mbili zilizokufa na feni inayozunguka ikijisikia. Mifumo tunayo mitatu na haisalimiani. Wa usajili uko kwa karani wetu, mzee ambaye shule nzima inamwita Mzee Muhuri kwa sababu hakuna karatasi inayomponyoka bila kugongwa muhuri. Wa alama uko kwa walimu. Wa tatu ni huo wa ofisi ya mitihani. Kila mwaka Mzee Muhuri anachapa majina yale yale upya, watahiniwa mia mbili na zaidi, kwa vidole viwili. Kwa hiyo wazo nalikubali. Ninachokikataa ni hiyo "tu".

Jioni Baba Watoto kaniuliza hiyo API ni mdudu gani. Nikamwambia ni dirisha. Mfumo wetu unakwenda dirishani kwa wenzake, unaomba kwa maneno waliyokubaliana, unapewa. Ukikosea neno moja, unafungiwa.

"Kama duka la dawa," akasema.

Ndiyo, kama duka la dawa.

"Basi andikeni vizuri." Akarudi kwenye friji la watu analolitengeneza sebuleni kwetu wiki ya pili sasa. Fundi huyo.

Jumanne, 10 Februari

Mwongozo wa API una kurasa themanini na nne. Kurasa tano za shukrani. Ukurasa wa kusema tarehe ya kuzaliwa iandikwe vipi — haupo!

Sisi tunaanza na siku, wao wanaanza na mwaka. Hilo nimeligundua mwenyewe baada ya saa tatu za kujibiwa "Ombi si sahihi". Si sahihi wapi? Hausemi. Ombi si sahihi, basi, tafuta mwenyewe.

Nikapiga simu kwao. Dakika arobaini za muziki. Halafu dada mmoja mwenye sauti ya asali akasema, "Subiri kwenye laini." Nikasubiri. Akarudi: "Endelea kusubiri." Simu ikakatika. Nimempa jina, Dada Subiri. Nina hakika tutakuwa marafiki mpaka mmoja wetu afe.

Alhamisi, 12 Februari

Majina sasa. Kwetu majina yote yako kwenye kisanduku kimoja. Kwao visanduku vitatu, na vyote lazima. Mwenye majina mawili anakataliwa. Mwenye manne anakatwa mkia. Tuna mtoto mmoja mwenye majina matano. Baba yake hakutaka kumkosea babu yeyote.

Nimeandika kipande cha programu cha kuyapanga, nikakijaribu kwanza kwa taarifa zangu mwenyewe. Saa nane na robo mtahiniwa wa kwanza akaenda, jibu likarudi: SAWA. Nilipiga kelele, mwalimu wa kemia akaja mbio akidhani nyoka.

Nimejinunulia soda. Nimestahili.

Ijumaa, 13 Februari

Nimewatuma wote. Mia mbili na kumi na wawili. Nikakaa nikitazama majibu yanashuka kwenye skrini: SAWA, SAWA, SAWA. Mia moja tisini na tatu SAWA.

Kumi na tisa MAREHEMU.

Nikasugua macho. Nikasoma tena. Marehemu! Mwaka huu mfumo wao unauliza kwanza ofisi ya vizazi na vifo kama mwenye namba hiyo ya cheti cha kuzaliwa bado yu hai. Na ofisi ya vizazi imejibu kwamba watoto wetu kumi na tisa wamekwisha kufa.

Wa tatu kwenye orodha hiyo nilikuwa namsikia dirishani. Ni yule binti tunayemwita Wakili, kwa ubishi wake. Alikuwa anamthibitishia mpishi kwamba kipande chake cha mkate ni kidogo kuliko cha jirani, na ushahidi anao mkononi. Marehemu gani mwenye mdomo ule?

Dada Subiri alipopokea nikamweleza. Kisha, kwa upole kabisa: "Poleni sana na msiba."

"Dada, hakuna msiba! Wako hai. Mmoja namwona hapa, anagombana na mpishi."

"Kwenye mfumo wamefariki, mama."

"Nakwambia namwona kwa macho yangu!"

"Basi alete uthibitisho kwamba yu hai."

Nikakata simu kabla sijatukana. Nilipomwambia Wakili, nikijaribu kulifanya jambo la kucheka, hakucheka. Akauliza: "Niende mwenyewe wakanishike mkono?" Halafu akauliza kama Ijumaa ijayo itafika akiwa bado amekufa. Ada yake inalipwa na mfadhili, na mfadhili amesema mwaka huu ni wa mwisho. Hakuna wa kumlipia kurudia. Nikamwambia asijali, ni hitilafu ya kwao. Nilikuwa na uhakika asilimia mia kwamba ni ya kwao.

Jumamosi, 14 Februari

Nimefua. Nimepiga pasi. Mtoto kaniuliza kwa nini naipiga pasi shati moja mara tatu.

Jumatatu, 16 Februari

Si ya kwao. Ni ya kwetu!

Leo nilizipanga zile namba kumi na tisa za vyeti vya kuzaliwa moja chini ya nyingine, kama mtu anayechambua mchele. Namba moja. Namba ile ile, tarakimu kumi, mara kumi na tisa. Majina tofauti, tarehe tofauti, jinsia tofauti, namba moja! Na mfumo wao, hodari wa kuona vifo, hilo halikuustua. Haulinganishi jina wala umri. Unauliza jambo moja tu: mwenye namba hii anapumua?

Nikaenda kwa Mzee Muhuri, damu inanichemka. Nikamkuta kavaa ile sweta yake ya kijivu, anapanga faili. Nikamwekea karatasi mezani. Akaitazama, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Ndiyo," akasema. "Hiyo niliiweka mimi."

Hata hakujificha! Akanieleza kama mtu anayeeleza njia ya posta. Programu ya usajili haikubali kisanduku cha namba ya cheti kiwe kitupu. Mtoto asiye na cheti, haiendi mbele, inapiga ule mlio wake wa tii. Mzazi amesimama pale na mtoto amevaa sare mpya. "Nifanyeje, binti yangu? Nimrudishe mtoto nyumbani kwa sababu ya kisanduku?" Kwa hiyo kila asiye na cheti akampa namba hiyo. Mlango ukafunguka. Mtoto akaingia darasani.

Nikamwambia kisanduku kimewekwa pale kwa sababu. Nikamwambia data si muhuri, hugongi tu popote. Sauti yangu ilipanda, najua, kwa sababu mhasibu alifunga mlango wake taratibu.

Mzee hakupandisha yake. "Miaka kumi na moja namba hii haijamdhuru mtu. Umeunganisha wewe, ndiyo wamekufa."

Nikaichukua karatasi yangu mezani. Nikarudi stoo nikamwandikia Mkuu barua pepe. Ndefu. Nani kafanya, tangu lini, mara ngapi. Nikatuma saa sita kasoro. Nakiri hapa, kwa kuwa hapa hasomi mtu: nilijisikia vizuri sana. Nilikula chakula cha mchana kwa hamu.

Jumanne, 17 Februari

Mkuu hakuijibu barua yangu. Kaisukuma kama ilivyo kwa ofisi ya elimu, na leo jibu limekuja: Mzee Muhuri ahojiwe Jumatatu ijayo kwa kughushi kumbukumbu za wanafunzi. Anastaafu mwezi wa nne! Miezi miwili tu imebaki, na sasa kiinua mgongo chake kiko kwenye mizani.

Nilitaka arekebishe. Sikutaka wamchinje. Lakini nani atanisikia sasa, na maneno yote yale ni yangu, na nimeweka mpaka jedwali?

Kitu kimoja kilikuwa kinanikereketa tangu jana. Namba ya kubuni ingekataliwa tu, ingesema haipo. Hii ipo. Hii ina mwenyewe, na mwenyewe alikufa. Basi ya nani? Nikaenda kumuuliza. Alikuwa anagonga muhuri kwenye barua za likizo, tap, tap, wala hakuacha.

"Ya binti yangu," akasema.

Alikuwa na miaka tisa. Homa, siku nne, basi. Cheti chake yeye mwenyewe ndiye aliyekifuatilia, safari saba kwenye ofisi ya vizazi, mpaka namba ikaingia kichwani ikakaa. Mwaka uliofuata akaja mama na mtoto asiye na cheti, siku ya mwisho ya uandikishaji, programu ikapiga tii. "Hiyo ndiyo namba pekee niliyokuwa naijua kwa moyo. Nikaona imekaa bure tu."

Tap. Akavuta barua nyingine.

Nimerudi stoo nimejifungia. Nimemlilia mtoto ambaye sikuwahi kumwona, na bado nina hasira na baba yake. Vyote viwili, kwa pamoja, na feni haizunguki.

Jumatano, 18 Februari

Kulia hakuleti namba. Leo tumefanya kazi.

Nimepiga simu kwa wazazi kumi na tisa. Na hapa ndipo nilipotaka kupasuka: kumi na wawili kati yao vyeti wanavyo! Walivipata baadaye, mwaka uliofuata, miaka miwili baadaye. Hakuna aliyewauliza tena, maana kisanduku kilikwisha jaa. Mzazi mmoja, mshona viatu, kasema cha mwanawe kipo ukutani kwenye fremu, kioo juu, kila mgeni anakiona. "Ila nyie shule hamjawahi kuja kunitembelea." Mwingine kanisomea namba huku mbuzi analia pembeni, nikaandika mara nne ndipo ikawa sawa.

Ambao simu zao hazipatikani, Mzee Muhuri kawafuata kwa baiskeli. Hakuna aliyemtuma. Saa tisa kaingia stoo, jasho linamtiririka, na karatasi tano zimekunjwa kwenye soksi zisilowe jasho mfukoni. Hakunisalimu vibaya, hakunisalimu vizuri. Akaweka mezani. "Za upande wa bondeni hizo."

Nikamwambia, "Mzee, ile barua pepe..."

"Namba ya pili, hiyo saba ni saba, si moja," akasema. "Wanaandika vibaya kule."

Nimewatuma kumi na wawili. SAWA, wote. Wamefufuka. Wamebaki saba.

Alhamisi, 19 Februari

Ofisi ya vizazi tangu saa mbili. Mimi, Mzee Muhuri, watoto saba na akina mama wao, kwenye benchi moja lenye msumari. Afisa wa dirishani alikuwa na mafua na hasira. Mwenye kadi ya kliniki anapewa namba siku hiyo hiyo, cheti chenyewe kije baadaye. Akina mama sita walikuwa na kadi, moja imeliwa na mende hadi jina limebaki herufi mbili. Afisa akaitazama hiyo, akapiga chafya, akagonga muhuri. Mzee Muhuri alimtazama yule afisa kwa heshima ambayo mimi hajawahi kunipa.

Sita wamepata. Wakili hakupata.

Mama yake ni mfagiaji wa hospitali. Nilikuwa najua hilo. Nisilolijua, na Wakili mwenyewe alilisema pale pale dirishani kwa sauti kavu ya mtu aliyezoea, ni kwamba si mama mzazi. Mtoto aliachwa kwenye benchi la wodi, siku chache baada ya kuzaliwa, na mfagiaji akamaliza zamu akaondoka naye. Hakuna kadi. Hakuna jina la mzazi. Hakuna kitabu alichoandikwa. Afisa akasema wa namna hiyo ni wa mahakamani, miezi mitatu kwa haraka sana.

"Lakini nipo," Wakili akasema. "Si unaniona?"

"Nakuona, mdogo wangu. Kukuona si hoja."

Binti yule akaokota mkoba wake. Mama yake alimshika mkono njia nzima ya kurudi, mwanamke mfupi mwenye mikono iliyochubuka kwa sabuni, akawa anarudia neno moja: "Nilidhani kumlea kunatosha."

Nikaenda kwa Mkuu. Nikamwambia kabaki mmoja. Akapiga hesabu kwenye kikokotoo. "Mia mbili na kumi na moja kwa mia mbili na kumi na wawili. Hiyo ni asilimia tisini na tisa na nusu! Hongera sana. Wengine wako sabini." Kesho anataka nipige picha ya skrini aiweke kwenye ripoti.

Nimepika, sikumbuki nimepika nini. Baba Watoto kaonja, kala yote.

Ijumaa, 20 Februari

Naandika haya stoo, mchana. Saa kumi kasorobo.

Nimejaribu kila kitu. Kisanduku kitupu: Ombi si sahihi. Sifuri kumi: Namba haipo. Nimeandika barua rasmi, Mkuu kasaini, Mzee Muhuri kagonga mihuri miwili ili iwe na uzito. Nikampigia Dada Subiri, na safari hii, Mungu ampe maisha marefu, hakunisubirisha. Kanisikiliza hadithi yote. Nilisikia amevuta pumzi. Kisha: "Mama, mimi ningekuwa na uwezo ningemwingiza sasa hivi. Sina kitufe cha kumwingiza mtu. Lete namba yoyote ya aliye hai, itapita. Bila namba hakuna mtahiniwa." Kisha haraka haraka: "Sijasema hivyo. Hilo la aliye hai sijalisema."

Alisema.

Wakili yuko hapa, kaketi kwenye dawati bovu, na kitabu cha hesabu mapajani. Anafanya hesabu kweli! Nimemwambia aende nyumbani, kagoma. Anasema kama anakufa saa kumi na moja anataka awepo.

Saa kumi na nusu.

Mzee Muhuri kaingia, kafunga mlango. Kamtuma Wakili akamletee maji ya kunywa kutoka jikoni, binti akamtazama kama anayejua ametumwa tu aondoke, akaenda.

"Weka yangu," akasema.

"Namba yako?"

"Mimi bado napumua."

Nikamwambia amerukwa na akili. Jumatatu wanamhoji kwa kosa hili hili! Na si mchezo: cheti cha mtihani cha binti kitabeba namba ya mtu mwingine, na siku watakapoanza kulinganisha majina, ataitwa yeye aeleze, na mimi, na kila aliyekaa chumba hiki. Nikasema tena yale ya kisanduku na sababu yake. Nikasikia sauti yangu, na jamani, nilichoka nayo.

Akaniacha nimalize. "Nimekosea, binti yangu. Ningewauliza tena wale kumi na wawili, leo tusingefika hapa. Hilo nitalisema Jumatatu kwa mdomo wangu. Lakini mwenye kesi moja akiongeza ya pili, jela ni ile ile. Wewe una mtoto mdogo. Andika."

Nikamwomba msamaha kwa ile barua. Kwa sauti, nikiwa nimemtazama. Akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Uliyoandika yalikuwa kweli. Andika, muda unakwenda."

Saa kumi na dakika arobaini na nne. Nikafungua ukurasa wa Wakili. Jina, tarehe, vyote vimo. Kisanduku kimoja kitupu kinapepesa.

Akaanza kunisomea kwa kichwa, polepole, mkono mgongoni, kama anayetoa imla. Nikaandika tarakimu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya tano nikaacha. Naijua namba hii. Nimeitazama wiki nzima.

"Mzee," nikasema. "Hiyo ni ya binti yako."

Akakaa kwenye dawati. "Eh," akasema. "Eh, ni kweli." Akajaribu tena, midomo inacheza bila sauti, na nikaona inarudi pale pale. Yake mwenyewe haijui. Akatoa pochi.

Nimefuta kisanduku. Naandika hapa ili mkono uwe na kazi, maana ukikaa bure utafanya jambo. Saa kumi na dakika hamsini. Pochi yake ni nene kama tofali na hakuna hela ndani, ni karatasi tupu. Anazifungua moja moja, anazisogeza kwenye mwanga, anazikunja tena vizuri kama zilivyokuwa. Cheti cha dawa za presha. Orodha ya vifaa vya ofisi ya mwaka juzi. Kadi ya chama cha kuzikana. "Ipo humu," anasema. "Niliinakili mahali."

Wakili karudi na maji. Kasimama mlangoni, kikombe mkononi.

Hamsini na tatu. Mkuu kapita koridoni, kauliza kwa sauti kama ile picha ya skrini iko tayari.

Hamsini na tano. "Mzee, harakisha." "Ipo humu, ipo humu." Karatasi zinaanguka chini ya dawati, Wakili kainama anamwokotea.

Namba yangu mimi sina haja ya kuitafuta. Ndiyo niliyokuwa naitumia kulijaribu dirisha hili tangu Alhamisi ya wiki jana, na kila mara lilijibu SAWA: niko hai.

Hamsini na saba. Mzee bado anatafuta. Kwenye kisanduku tarakimu nne zimekwisha ingia, na si zake.